Ramu Niliyompelekea Baba Mkwe

Ndugu zangu na mama zangu, Jumapili iliyopita mlituandalia maji ya ndimu na sukari baada ya ibada, nami nikainuka nikatoka nje kabla kikombe hakijanifikia. Wengine mlisema naringa. Hamkukosea, kwa maana sikueleza. Leo nimeomba nieleze. Nitasoma kwenye daftari langu, kwa sababu nikisema bila karatasi najipendelea. Shule nilisoma miaka mitatu tu, mniwie radhi nikikwama. Majina sitataja.

Nilikuwa mpishi wa Mzungu mmoja pale Kitui. Nisimseme vibaya: hakunipiga, na kazi alinifundisha kwa subira. Kila alasiri, jua likichoma, alitaka kinywaji chake barazani. Nilikamua ndimu mbili, nikakoroga sukari mpaka ikayeyuka, nikatia ramu kidogo kwa kipimo, nikajaza maji ya mtungi uliofunikwa gunia lenye maji, halafu nikakwangua kungumanga juu. Ndimu inaficha ukali wa ramu, na sukari inaficha ukali wa ndimu. Unakunywa kama maji baridi ya kisima. Najua kwa sababu nilionja. Sheria ilitukataza sisi Waafrika vinywaji hivyo, nami nilionja, tena si mara moja.

Wakati huo nilikuwa nimeoa upande wa Kathonzweni. Mbuzi nilikuwa nimemaliza kutoa. Lilibaki jambo moja, uki, ile pombe yetu ya asali, ambayo mkwe humpelekea baba wa msichana ndipo wazee waseme ndoa imekamilika. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Baba yake akaniletea neno: "Mtoto akizaliwa kabla sijanywa uki wako, huyo ni wa kwangu." Alikuwa na haki. Desturi ndiyo hiyo.

Lakini mvua ilikuwa imekataa misimu miwili. Maua hakuna, nyuki wamehama. Nilizunguka mizinga ya ndugu zangu wote nikapata masega makavu. Ningemwendea mzee nimwambie hivyo. Sidhani angekataa kungoja, alikuwa mkali wa mdomo, si wa roho. Lakini niliona aibu, mtu wa kazi ya Kitui, kwenda mikono mitupu. Nikaiba chupa mbili za ramu kwenye kabati la Mzungu, nikachanganya nyumbani kwangu ndani ya kibuyu. Ndimu nilitia nyingi, sukari nyingi. Maji nilitia kidogo sana, kwa kuwa safari ni ya siku mbili na sikutaka mzigo mzito.

Mnajua kwetu mkwe na mama wa mke hawatazamani. Mama mkwe alikipokea kibuyu kwa mkono wa binti yake, yeye mwenyewe amejificha nyuma ya nyumba. Yeye ndiye wa kumimina. Nilijiambia, desturi imenizuia, siwezi kumwonya kwamba hiki ni cha kunywa kidogo. Huo ni uongo. Mke wangu alikuwa pale pale, ningemtuma. Sikumtuma kwa sababu ningeulizwa ni kitu gani.

Wazee walikuwa wanne. Baba mkwe akapokea pembe ya kwanza ya kunywea, akaimaliza kwa pumzi moja.

"Ehe! Nyuki wa Kitui wanakula nini?"

"Wanakula sukari ya Wazungu," mwenzake akasema.

"Basi wasirudi huku, wakae huko huko wanitengenezee." Akainyoosha pembe kuelekea nyuma ya nyumba. "Mama, mimina! Mkwe ametoka mbali, usimwaibishe."

Uki wa asali, yule mzee alikuwa akinywa pembe sita na bado anajua mbuzi wake kwa rangi. Hiki alikinywa kwa hesabu ile ile, wenzake wakipata pembe moja moja. Kwenye ya tano akainuka, akaanguka kifudifudi karibu na moto.

"Dume letu limepiga magoti!" mmoja akapiga kelele. Wakacheka, na mimi nikacheka. Nawaambia wazi, ndugu zangu: nilijua ni nini kimemwangusha, na nilicheka. Wakamlaza chali kivulini. Alitapika akiwa amelala hivyo, na hakuna aliyemgeuza. Jua halijatua akawa amekufa.

Ndugu zake wakamgeukia mkewe, kwa kuwa ndiye aliyemimina. Kwanza wakaniuliza mimi, kwa heshima: "Mkwe, ulileta nini?"

Nikasema, "Uki wa asali."

"Basi sumu iliingilia mkononi mwa huyu."

Walimpiga kwa fimbo mpaka meno mawili yakatoka. Nilisimama nikitazama upande mwingine. Desturi ilinifaa sana siku hiyo, maana hata hivyo sikuruhusiwa kumtazama.

Wakamtoa nyumbani kwake, akakaa kwenye kibanda cha ndama kilichobomoka. Wanawake wakienda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto, walimwacha ajichimbie shimo lake peke yake. Mtoto wetu alipozaliwa, mama mkwe alitembea siku mbili kutuletea uji wa mama mzazi. Mke wangu akasimama mlangoni.

"Ulimuua baba. Sasa umemfuata mtoto?"

"Mwanangu, pokea tu uji, mimi narudi."

Mke wangu akaumwaga mbele yake. Msimlaumu, alimwamini mumewe. Mumewe alikuwa ndani, anakula.

Nikanyamaza hivyo msimu mzima. Nilikuwa nikiandika neno la kweli humu kwenye daftari, kisha nachana ukurasa.

Halafu wazee wakaamua yule mama aapishwe kithitu, kile kiapo chetu kinachoua mwongo pamoja na nyumba yake. Nikaitwa niwe shahidi. Siku moja kabla, nilikuwa njiani karibu na kwao nikamwona anakuja. Siku zote angeingia vichakani. Siku hiyo alisimama katikati ya njia, akafunua uso, akanitazama.

"Nitazame na wewe," akasema.

Nikamtazama. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja.

"Nilionja tone lililobaki kwenye kibuyu," akasema. "Nimepika uki tangu nikiwa msichana. Ile haikuwa asali."

"Mama, ulijua? Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungefungwa, na binti yangu angelea mtoto peke yake. Nimengoja useme wewe. Kesho naapa. Mimi kithitu hakitanipata, sina uongo. Wewe ukisimama pale useme asali, kitaingia kwako na kumchukua mtoto. Nimekuja kwa ajili yake. Si kwa ajili yako."

Akapita.

Siwezi kuwadanganya kwamba ni imani iliyonisukuma. Ni hofu. Kesho yake kabla kiapo hakijaletwa nilisema yote mbele ya wazee: chupa, ndimu, kicheko. Walinipiga, wakanipeleka kwa chifu, nikafungwa. Mzungu wangu alinisemea vizuri kortini isipokuwa kwa wizi, na hilo ni sawa. Mke wangu aliondoka na mtoto, akarudi mwaka ulipopita.

Namshukuru mchungaji aliyenifuata gerezani akaniambia nisichane tena kurasa. Nawashukuru akina mama wa kanisa hili mlioenda na mama mkwe wangu mtoni wakati ukoo wake bado unamkimbia. Shemeji zake hawakumwomba radhi. Walisema walimpiga bila kujua, na kutojua kwao nilikufanya mimi. Namshukuru mke wangu, aliyemleta mama yake akae kwetu.

Somo langu ni dogo. Ukiwa na neno linaloweza kumtoa mtu kwenye fimbo, lipeleke wewe. Usingoje aliyepigwa aje kulichukua kwako.

Nimemwomba mama mkwe msamaha mara tatu, nikimtuma mke wangu. Mara zote tatu jibu limekuwa moja: "Mwambie nimesikia." Sijui kama huo ni msamaha. Naomba mtu yeyote hapa asinijibu. Wa kujibu ni yeye.