Nguruwe wa Kamera ya Tisa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Bupati, mkuu wa wilaya yetu. Mainjinia wa maabara ya kamera. Viongozi wa dini. Wawindaji na mbwa wenu (tafadhali wafungeni mbali na nyama ya rendang). Mabibi na mabwana, assalamu alaikum.

KUKARIBISHA

Sisi wakazi wa Ladang Sirih tumefurahi mno kukuona. Tunajua umekuja kubonyeza kile kitufe chekundu pale mezani, ili kamera zetu zipate akili mpya. Tunakuomba, kwa heshima zote, usikiguse kwanza. Tusikilize.

HISTORIA

Miaka miwili iliyopita nguruwe mwitu walitumalizia mihogo. Wawindaji wetu walikuwa wakitoka Jumapili tu, na nguruwe wakaijua ratiba. Ndipo maabara ikatufungia kamera kumi na saba juu ya milingoti ya mianzi, zisizo na waya hata mmoja. Kila kamera hutazama, huamua yenyewe papo hapo, halafu hupokezana habari na wenzake mpaka ofisini. Ili kuokoa betri, haitumi kila kitu. Ikiona mtu au bata, inafuta picha na kunyamaza. Ikiona nguruwe, king'ora kinalia na simu zetu zote zinapata picha.

MAFANIKIO

Mihogo imerudi. Mbwa nao wanaitika king'ora kuliko majina yao.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ina jina: Etek Rosmaniar, shangazi wa kijiji kizima, miaka sabini na moja, hajati. Akiinama kupalilia mpunga, na gunia jeusi mgongoni la kujikinga na mvua, kamera ya tisa humwita nguruwe kwa uhakika wa asilimia tisini na sita. Nguruwe wenyewe hawajawahi kuvuka themanini na nne.

Mheshimiwa, alikasirika huyo! Alisimama chini ya mlingoti akafoka, "We dude, mimi nimezunguka Kaaba! Nguruwe gani ana pasipoti?"

Tukaandika malalamiko, tukapiga dole gumba watu mia mbili na kumi na wanne. Mainjinia wakaja wakampiga picha siku tatu, wima, ameinama, amechuchumaa, ili mashine ifundishwe kwamba ni mtu. Hilo somo ndilo lililomo ndani ya kitufe.

Sasa Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, Etek aliteleza akatumbukia kwenye mfereji, mguu ukateguka. Hakuna mtu karibu. Kamera ikasema: nguruwe. Dakika nane hazijaisha, wanaume kumi na mmoja wenye mikuki walikuwa ukingoni, na mbwa kumi na tisa.

"Mmechelewa!" akawafokea, mbwa wanamlamba. "Nguruwe wa kweli angeshafika mjini Padang! Nitoeni! Na huyu mbwa mwondoeni, nani ataniosha najisi yake mara saba?"

Mwezi mmoja kabla, Pak Darwis, fundi cherehani wetu, alianguka kwenye mfereji huohuo. Kamera ilimtambua vizuri kabisa: mtu, asilimia tisini na tisa. Ikanyamaza. Maskini alipunga kofia mpaka alasiri.

MAOMBI

Kwanza, sisimizi wanaingia kwenye betri. Tunaomba vifuniko.

Pili, juzi tuliitisha mkutano, na Etek akasimama kwa mkongojo. "Wanangu wanne wako Jakarta," alisema. "Wananipigia Idi hadi Idi. Hiki kidude kila siku kikiniona kinapiga kelele mnasikia wote. Mkinifanya mtu, nani ataniona? Niacheni na unguruwe wangu."

Tulikuwa tunacheka. Kisha tukaona aibu, Mheshimiwa. Nyumba yake iko njiani, na sote huwa tunapita tu.

Kwa hiyo tunakuomba usibonyeze. Na kama serikali haiwezi kumwacha hajati awe nguruwe peke yake, basi tumeambatisha orodha ya wazee wote waliovuka miaka sitini, jumla yao thelathini na mmoja, wanaoomba kusajiliwa pamoja naye. Pak Darwis ni wa kwanza, na gunia jeusi ameshajishonea. Mainjinia wakihitaji siku tatu za picha, wazee wako tayari kuinama.

Mungu akulinde, akuzidishie umri, na siku ukianguka asikukoseshe wa kukuona.

Ni sisi,
Wakazi wa Ladang Sirih, watu na nguruwe.