Clavery Rutaihwa na Vyombo vya Fedha vya Misheni

Marehemu Clavery Rutaihwa alizaliwa Kamachumu, wilayani Muleba, tarehe 14 Mei 1951, mtoto wa tatu wa Mzee Kahigi na Bibi Gaudiosa, wakulima wa migomba na kahawa. Alimaliza darasa la saba mwaka 1967. Kuanzia 1973 hadi alipostaafu mwaka 2011 alitunza vyombo vya mezani katika nyumba ya wageni ya misheni moja mjini Bukoba.

Mwaka 1985 alifunga ndoa na Mwalimu Edvina Kokuberwa, wakajenga Kitendaguro. Kwa ubatizo wa kifungua mimba wao, Gozbert, mwaka 1988, alileta nyumbani vyombo vitatu vya kale vya madini ya fedha: mkasi mdogo wa kukatia zabibu, upawa bapa wa kupakulia samaki, na kijiko chembamba kama mfereji. Alisema amezawadiwa na padre. Tangu hapo mkewe aliwachotea wageni kahawa ya kutafuna, ile ya desturi ya Kihaya, kwa kijiko kile, na hakuacha kukisifia.

Januari mwaka huu, figo zikiwa zimemlaza Clavery, Mzee Mushumbusi Kahangwa, aliyekuwa mpishi wa misheni, alikuja kumwona. Edvina alipomchotea kahawa, mzee alikitazama kijiko.

“Mama Gozbert, hicho ni cha kuchokolea uboho kwenye mfupa.”

“Mzee, wewe ulipika jikoni, mezani hukukaa. Hiki ni cha kahawa.”

Mushumbusi alicheka, akatafuna kahawa yake, akaaga.

Ndipo Clavery alipolia, akamweleza mkewe ukweli. Vyombo alivichukua kimyakimya kwa siku moja, awaheshimu wageni wake. Kabla hajavirudisha, misheni ikakagua kabati ikavikosa, naye akaogopa kusema. Mushumbusi, aliyeshika ufunguo wa kabati, akafukuzwa kama mwizi, na jina hilo likamfuata hadi kwao Nshambya.

“Edvina, usinizike na jambo hili. Lisomwe mbele ya watu.”

Mjane aliuandika wasifu huu mara mbili akaliacha jambo hilo, kwa kulinda jina la nyumba. Sasa lisikike: Mushumbusi hakuiba. Aliyechukua ni Clavery, na aliyejivunia ni mkewe. Vyombo vimerudishwa misheni Jumatatu.

Clavery alifariki hospitalini Bukoba tarehe 3 Machi 2025. Ameacha mjane, watoto wawili, Gozbert na Annastella, na wajukuu watano.

Familia inamwomba Mzee Mushumbusi, popote alipoketi, asogee mbele akae na wafiwa. Msamaha ni wake kuutoa au kuuzuia; hakuna atakayemharakisha. Mungu mwenye huruma amjalie Clavery pumziko la amani.