Zamu ya Duane

Benchi letu liko mbele ya duka la Gentille, hapa Fridley, Minnesota, limeegemea kioo ambacho nyuma yake imepangwa mifuko ya unga wa muhogo. Jumapili baada ya ibada tunakaa watatu. Gitonga, Mkenya anayehudumia wazee katika makao yao, tunamwita Daktari. Sosthène wa Bukavu, dereva wa lori, ni Prezida, kwa sababu hakubali kukatizwa. Mimi ni Maktaba. Silali kabla sijahakikisha jambo. Kahawa hutoka kwenye chupa ya Gentille. Jumapili hii Daktari hakuigusa yake.

— Nimeharibu, akasema. Mzee wangu Arvid, pale makaoni, ameanza kuvaa koti.

— Anaenda wapi? Prezida akauliza.

— Kumwona Duane. Walicheza pamoja huko college, msimu wa 1953. Duane alifariki mwezi uliopita. Binti ya mzee akaniomba nimwambie, eti mimi ndiye ananisikiza.

— Ukamwambia?

— Nilimwambia Duane anaumwa kidogo.

Hakuna aliyemcheka. Sisi sote tungesema hivyo hivyo. Kwetu ukiambiwa mtu anaumwa kidogo, unatafuta kwanza pa kukaa, unauliza nani yuko naye, na polepole unaelewa.

— Bon, akaelewa? Prezida akauliza.

— Akasema, basi nipeleke. Sasa kila asubuhi anakaa mlangoni na koti, mpira mapajani, ananiuliza kama gari iko tayari.

— Mpira wa nini tena?

Hapo nilikuwa nimejiandaa, maana Daktari alishanitajia chuo chao. Nikafungua simu.

— Timu yao haikushindwa msimu wote, nikasoma. Mechi ya mwisho ilichezwa kwenye theluji. Kumi na tatu kwa saba.

— Magoli kumi na matatu! Kipa alikuwa wapi?

— Ni pointi, Prezida. Ni ule mpira wao wenye ncha, wanaoushika kwa mikono. Hauna kipa.

— Basi hiyo ni vita.

— Mpira wa siku hiyo walipewa wao wawili, Daktari akasema. Wakakubaliana kila mtu akae nao mwaka mmoja, wabadilishane majani yakianza kudondoka. Mwaka huu ni zamu ya Duane.

Prezida akajimiminia kahawa.

— Sema amepelekwa Ulaya kutibiwa.

— Kutoka Minnesota? Watu wanakuja huku kutibiwa!

— Sema gari yako imekufa.

— Ananiona nikifika nayo kila siku.

— Basi mi nitamupigia simu. Nitasema, hallo, ni mimi Duane.

— Kwa Kiingereza hicho chako?

— Mugonjwa anaongea vile anaweza!

Tulicheka, Daktari naye kidogo, kisha akajifuta uso.

— Nikimwambia leo, atajua nilimdanganya. Na timu yote imeisha, amebaki yeye tu. Ule mpira ataupokea nani?

Nikaendelea kutafuta kwenye simu: majina ya wachezaji, baridi ya siku ile, upande uliokuwa na upepo.

Emérance alikuwa amesimama nyuma yetu na mfuko wa sombe, majani ya muhogo. Ameletwa majuzi kutoka kambi ya wakimbizi, na alikuwa anamsubiri Prezida amrudishe nyumbani. Alikuwa amesikia yote.

— Samahani, baba, akamwambia Daktari. Huyo Duane, walimuzika wapi?

Daktari akanigeukia. Nilikuwa na matokeo ya kila mechi. Nikatikisa kichwa, hilo sikuwa nalo.



Daktari alimwaga kahawa iliyopoa, akampigia binti ya mzee amuulize kaburi lilipo. Haikupokelewa. Akapiga tena, simu sikioni, huku akielekea kwenye gari lake. Akafungua mlango wa mbele na kuanza kuondoa maboksi kwenye kiti cha abiria.