Komamanga la Mti wa Marehemu

Basi la mwisho kabla ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kiyahudi lilipanda taratibu kuelekea Katamon, Yerusalemu. Zehava alikuwa ameketi kiti cha nyuma, akijifanya anasoma zaburi.

Mbele yake mwanamke mwenye kilemba cheusi alikuwa amepakata komamanga moja. “Mti huu aliupanda marehemu mume wangu,” alimwambia mwenzake wa kiti, mtu asiyemjua. “Torati imetukataza matunda yake miaka mitatu ya kwanza. Leo jua likizama mwaka mpya unaingia, na wa tatu umekwisha. Usiku huu nitalila.”

“Usithubutu, mama!” alisema mwenzake, aliyebeba mfuko wa vitunguu. “Unaoingia leo ni mwaka wetu sisi watu. Wa miti unaingia mwezi wa Shvati, wakati wa baridi. Na hilo lilichanua kabla ya hapo, bado ni la katazo.”

“Kwani mti nao una kalenda yake?”

“Unayo. Kamuulize rabi.”

“Rabi ana mke wa kukaa naye mezani, mimi sina mtu.”

Zehava aligeuza ukurasa ambao hakuwa ameusoma.

“Basi sitakula,” mwenye komamanga alisema. “Nitaliweka tu mezani, pale marehemu alipokuwa akikaa.”

“Hata kunufaika nalo hakuruhusiwi, dada yangu.”

“Na kuliangalia?”

Basi likasimama, na yule wa vitunguu akavuta mfuko wake kumpisha. Mwenye komamanga alishuka polepole, amelishika kwa mikono miwili. Juu ya mapaa jua lilikuwa bado halijazama.