Maji ya Kahawa ya Mikidadi

Kijiwe chetu cha Zinga kiko kando ya barabara ya Dar, mkabala na kiwanja cha mikorosho wanachotaka kujenga jengo la maduka. Mikidadi hushusha birika lake pale baada ya swala ya alasiri, nasi tunajaa benchini hata kabla hajapanga vikombe. Kahawa yake inachemshwa kwa maji ya kisima kilichomo ndani ya kiwanja kile kile, maana visima vingine vyote vya mtaani vina chumvi. Kwa hiyo juzi tulipoona watu wenye vizibao vya kung'aa wanachimba vishimo na kutia udongo kwenye mifuko, presha ilitupanda. Na sisi presha ikitupanda, tunaongea.

Wa kwanza alikuwa Msabaha, tunayemwita Injinia kwa sababu aliwahi kulinda greda usiku.

— Hao wanapima uzito. Jengo likizidi, Zinga nzima inateleza mpaka baharini.

— Acha kamba, Injinia, akadakia Bilali, ambaye ndiye redio yetu. Pale kuna gesi! Maduka ni danganya toto tu.

— Gesi gani inatiwa kwenye mfuko wa nailoni? nikamuuliza.

— Si ndiyo maana wanaufunga fasta!

Mzee Bwanausi, fundi cherehani mstaafu, akatua kikombe.

— Mnajisumbua, wanangu. Kisima kile kina mwenyewe. Wakikifukia, ngazi zao za umeme zitapandisha watu juu, kushusha zikatae.

Tulicheka wote isipokuwa Mikidadi.

— Nawe sema basi, nikamchokoza.

— Niseme nini? Wakichimba mashimo ya choo pembeni ya kisima, nitawauzia nini? Bora nifunge birika nirudi Fukayosi nikalime mihogo.

Hilo liliniuma. Fukayosi si mbali, lakini kijiwe bila Mikidadi ni benchi tu.

Hapo akavuka barabara binti mmoja mwenye kizibao, buti zimejaa tope.

— Shikamooni.

— Marahaba!

Akasema anaitwa Raya, yumo kwenye timu inayotathmini athari za jengo kwa mazingira kabla halijapewa kibali. Ripoti yao bado haijafungwa.

— Kisima mmekiona? tukauliza kwa pamoja.

— Tumeona shimo lenye bati juu. Tulidhani limeachwa.

— Limeachwa wapi! Bilali akasimama. Mtaa mzima unaishi kwa kile!

— Vizuri. Basi niambieni, kiangazi kikikaza, maji yanabaki?

Injinia akakohoa. Bilali akaanza kutafuta kitu kwenye simu. Mzee Bwanausi akachungulia kikombe chake kitupu.

— Kati yenu nani huwa anachota?

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Maji yale tumeyanywa tangu utotoni na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushika kamba. Wanaochota ni wake zetu na dada zetu, alfajiri na jioni.

Mikidadi akampigia mkewe, akaweka sauti ya juu.

— Ashatu, kuna dada wa mazingira hapa. Anauliza kisima kinakauka?

— Anakuuliza wewe au mimi?

— Huku hakuna anayejua.

Tukamsikia akicheka, na wenzake wakicheka nyuma yake.

— Mlete. Tuko hapa hapa kisimani na kina Swaumu. Hata mkutano wao wa jengo tumeusikia kwa wapita njia; nyie mngetuambia, tungejiandaa!

Tangazo la mkutano wa mtaa kuhusu jengo tulilisikia msikitini Ijumaa. Tulilijadili kijiweni kila siku, na nyumbani hakulifikisha mtu.

— Mkutano ni kesho kutwa, hamjachelewa, Raya akasema. Wanaokijua kisima waje wakielezee. Choo cha jengo kinaweza kuhamishiwa upande wa barabara, na kisima kikabaki cha mtaa.

— Kinaweza kweli? akauliza Mikidadi.

— Kinaweza.

— Na hao wanaume wenzako, Ashatu alikuwa bado hewani, waje na ndoo!

Tukainuka. Injinia akaazima ndoo dukani, akaishika kwa mikono miwili.

— Na kahawa? Mzee Bwanausi akauliza.

Mikidadi akaimwaga chini iliyobaki, akalining'iniza birika mkononi.

— Nitachemsha nyingine. Si tunayafuata maji?