Mtungi wa Dolsaem Usimwagwe

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Tak Gi-ju, Mkuu wa Wilaya, karibu kijijini Dolsaem. Jua ni kali, ndiyo maana tumekuketisha karibu na feni. Sisi tumezoea.

HISTORIA
Sisi ni akina bibi tunaotengeneza pombe ya mchele kwa chachu ya mtungi mmoja, tuliyoachiwa na mama wakwe zetu. Sikukuu ya mavuno ya Chuseok ikifika, mababu wa kijiji kizima humiminiwa pombe hiyo makaburini. Desturi yetu, aingiaye nyumba ya mitungi huisalimu chachu kwa kuikoroga.

MAFANIKIO
Pombe yetu husifiwa hata ng'ambo ya mlima, na watu wa kule si wepesi wa kusifu.

CHANGAMOTO
Kiangazi hiki joto lilizidi, chachu ikalegea. Tukaihurumia, tukazidi kuikoroga. Ikaharibika harufu, na agizo lako likaja: imwagwe, tutumie hamira ya kiwandani.

Mjukuu wa mwenzetu Bibi Ok-bun, Dakta Pyo Yun-seo, anayechunguza hamira chuoni, akaja kutazama.

"Bibi, mnaiua kwa salamu."

"Sasa tuinunie?" Bibi Ok-bun akamjibu.

Akatueleza kwamba chachu ni seli hai. Seli ikionjeshwa joto kidogo kidogo, hujiundia kinga, ikaweza kustahimili joto kubwa. Lakini hewa ikizidi kwa kukorogwa mno, huzaa sumu inayoila seli kwa ndani mithili ya kutu. Seli iliyoelemewa na kutu hiyo haina tena nguvu ya kujifunza joto.

"Kumbe ni kama kumfundisha hesabu mtoto anayeumwa jino," akasema Bibi Ok-bun.

"Hasa, Bibi."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo, tungekuwa tumeshakula."

Basi tukaufunika mtungi, tukauweka penye ubaridi kando ya kisima, tukawa tunausogeza juani taratibu. Sasa unatoa povu. Bibi Ok-bun hupita hapo mikono nyuma, asije akajisahau.

MAOMBI
Pesa hatuombi. Tunaomba agizo lako lingoje hadi Chuseok. Chachu hii ikimwagwa, wa kutupa nyingine wote wako makaburini, nao ndio wanaoisubiri.

Mbele yako pana bakuli la pombe kutoka mtungi huohuo. Mashapo yamekaa chini, koroga kwanza ndipo unywe. Likiwa chungu, tutaumwaga mtungi wenyewe, kwa mikono yetu.

Mbingu zikupe afya, mababu zako wasikupe kisogo. Bakuli, Mheshimiwa, koroga utakavyo. Mtungi tuachie.

Ni sisi, Akina Bibi wa Nyumba ya Mitungi, Dolsaem.
Imesomwa na Kwon Mal-sun.