Mama Sahani na Taa za Wodi ya Wazazi

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Sogezeni redio karibu, na anayeosha vyombo afunge bomba kidogo. Kitendawili! Haya, nimewasikia mmesema tega. Anakula mchana kutwa juu ya paa, usiku anatoa alichokula, na hakuna anayeziba pua. Mmeshindwa? Nipeni mji. Ni paneli ya sola, wanangu.

Leo tunamkumbuka mama aliyezipandisha paneli hizo juu ya mapaa ya zahanati, moja baada ya nyingine, kwa shirika lake dogo lisilotafuta faida. Watu walimwita Mama Sahani. Ametutoka juma lililopita, baada ya kuugua kifua.

Mama Sahani alianza kazi hii kwa sababu ya tochi. Alikuwa karani wa shule, ana mimba ya kwanza. Uchungu ukamshika umeme umekatika. Mkunga akabana tochi kwa meno, ili mikono ifanye kazi. Bintiye, ambaye ndiye mtoto aliyezaliwa siku hiyo, anasema mama yake alikuwa akiisimulia huku anacheka mpaka machozi. "Mkunga alitaka kumwambia sukuma, ikawa inatoka mmm, mmm. Mama akadhani anaambiwa anyamaze. Akanyamaza."

Kisha, anasema binti, kicheko kilikuwa kinakatika chenyewe. Maana mama wa kitanda cha jirani alirudi nyumbani bila mtoto.

Ndipo likazaliwa shirika. Shirika la kuwasha taa kwenye wodi za wazazi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi. Ukiingia kusalimia tu, unatoka unanuka tapentaini.

Sasa jina. Kwenye zahanati ya kwanza, Mama Sahani aliwaeleza wanawake wa usafi kuhusu paneli. Akawaambia hii ni kama sahani, jua linapakua humo, na sahani chafu hailiwi. Wakaelewa. Wakaelewa kupita kiasi! Kila Jumamosi walipanda ngazi na jivu na mchanga, wakazisugua kama masufuria ya shughuli. Paneli ziling'aa. Halafu zikakwaruzika, kioo kikawa na ukungu. Taa zikafifia mpaka mkunga akarudi kwenye tochi.

Kamati ya shirika ikakaa. Mwenyekiti alikuwa mhandisi mstaafu, mtu mwema lakini mkavu. Akasema paneli zing'olewe, na mpya zikija ziende kwa watu wanaojua kutunza. Wodi ile ikawa inarudi gizani hivi hivi.

Mama Sahani akamwambia, "Mzee wangu, wale hawakukosea. Niliwaambia sahani, wakaosha sahani. Kama kuna cha kung'oa, ning'oeni mimi."

Mhandisi akauliza, paneli nzima zitatoka wapi, maana zote zina wenyewe. Akajibiwa zipo za ofisini. Basi zikashushwa kutoka juu ya duka la rangi, zikaenda zahanati. Tangu hapo shirika la kugawa mwanga likawa linafanya kazi kwa mwanga wa dirishani, na jua likizama linafunga. Mhandisi ndiye aliyembandika jina la Mama Sahani, kwa kumtania. Na ndiye aliyemshikia ngazi.

Kwa wale wanawake wa usafi, Mama Sahani hakwenda kugomba. Alikwenda kubadilisha neno. Akamwuliza mkunga mbele yao, mtoto mchanga mnamfuta uso vipi? Mkunga akasema kwa kitambaa laini na maji kidogo, taratibu, kama hutaki aamke.

"Basi na huyu ni mchanga," akasema Mama Sahani, akionyesha paneli. "Tena hakui huyu. Mtamlea mpaka mchoke."

Hawajachoka. Taa zile zinawaka mpaka leo.

Siku ya mazishi mkunga wa zahanati ile hakuonekana. Watu wakaanza kuguna, na huyu naye, pamoja na yote aliyofanyiwa. Alifika waombolezaji wanatawanyika, bado na sare ya kazi. Akamshika binti mikono yote miwili.

"Nisamehe mwanangu, sikuwahi kumzika mama. Nilikuwa na mzazi. Mapacha, na wa pili alitanguliza miguu. Wote wazima."

Binti akamfuta mkunga machozi kwanza, kisha ya kwake. "Ungemwacha ukaja huku," akasema, "mama angeamka akurudishe."

Kwa binti, kwa mzee wetu mhandisi, kwa wakunga na wanawake wa usafi wa zahanati zote alizozipandia mapaa, poleni. Poleni sana. Mungu awape subira.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tumfikirie mtu mmoja tuliyemgombeza wiki hii kwa kuharibu kazi. Tulimwambiaje? Huenda alifanya kile kile tulichosema. Kama ni hivyo, simu unayo. Hapa redioni tunanyamaza kidogo, upate nafasi ya kumpigia.